Kilio cha Nguo ya Nili

Inatangazwa kwa heshima zote kwa wakazi wa jiji la Brussels, wenyeji na wageni, wenye vibali na wanaovisubiri, pamoja na waheshimiwa wote wa taasisi za Ulaya na madereva wao, kwamba sanaa tukufu ya shibori, ambayo kwayo Wajapani tangu karne na karne hufunga nguo mafundo kabla ya kuichovya katika rangi, ili palipofungwa pabaki peupe na pasipofungwa paive, imehamia rasmi katika beseni la kuogea la Maman Kahambu, mjane, mzaliwa wa Butembo huko Kongo, mkazi wa Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Kengele haifanyi kazi. Wananchi wanaombwa kupiga hodi kwa mkono.

Hakuna aliyepiga. Na hapo ndipo penye kisa, maana nguo ilikuwa imekwisha kufungwa, imekwisha kuchovywa, imekwisha kukauka, na kwa jinsi Maman Kahambu alivyofundishwa, aliyeifunga haruhusiwi kuifungua.

Maman Kahambu alikuwa na miaka sitini na kitu, na hicho kitu hakukitaja kwa mtu. Kila asubuhi, kabla waheshimiwa hawajaamka, alishuka kituo cha metro cha Schuman na kwenda kusafisha ofisi za watu ambao hajawahi kuwaona. Aliwajua kwa vikombe vyao. Alimjua bwana wa chumba cha pembeni aliyekuwa akila biskuti kwa siri juu ya kompyuta yake, na bibi aliyebandika picha ya mbwa pale ambapo wengine hubandika watoto. Kulikuwa na mmoja mwenye ua kwenye chungu, ua ambalo lingekufa zamani kama Maman Kahambu asingelimwagilia. Mwenyewe bila shaka aliwaambia wenzake kwamba ni ua gumu, halihitaji maji. Jengo zima la watu, na hajapata salamu ya hata mmoja. Walipokuwa wakiingia kwa mlango wa mbele, yeye alikuwa anatoka kwa mlango wa mapipa.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Élisée, ila Élisée alikuwa Canada, na nyumbani maana yake ni ndani ya simu. Jumapili baada ya misa uso wake ulitokea, ukauliza, "Maman, ça va?" Maman Kahambu akajibu kwamba ça va. Kisha mjukuu akanyakua simu na bibi akaonyeshwa dari kwa muda. Ilikuwa dari nzuri, nyeupe, yenye taa ya duara. Maman Kahambu aliifahamu dari ile kuliko alivyomfahamu mkaza mwanawe.

Halafu kulikuwa na kundi la WhatsApp la Mutualité ya Wamama wa Butembo na Jirani, chama chao cha kusaidiana, na humo hakuna aliyepata nafasi ya kuwa mpweke. Toka alfajiri zilimiminika zaburi, mawaridi yenye umande, dawa za presha za kuchemsha kwa vitunguu saumu, na video ya mchungaji fulani akimkemea shetani kwa Kifaransa cha Kinshasa. Simu ilitetemeka mezani kama ina homa. Upweke ulianza pale alipoigeuza kifudifudi.

Shibori ilimpata kwa njia ya serikali, kama yalivyompata mambo mengi hapa Ubelgiji. Nyumba ya mtaa, ile ya huduma za jamii, ilibandika tangazo la mafunzo ya bure kwa "watu walio katika hali ya kutengwa", na Maman Kahambu akaenda, si kwa sababu alijiona ametengwa, bali kwa sababu kule kulikuwa na joto na hakuna aliyemtumia yeye bili yake. Aliwakuta watengwa wenzake wamekwisha kuketi: Mreno mmoja aliyefiwa na mke, nyanya wa Kimoroko, na akina dada wawili wa Kipolandi waliokuwa hawasemezani, kila mmoja ametengwa na mwenziwe. Mwalimu alikuwa Océane, msichana wa Kibelgiji mwenye hereni za mbao, ambaye aliishi Japani muda wa kutosha kumfanya ainame anapojibu simu.

Océane aliwafundisha kubana nguo kwa ncha za vidole, kuizungushia uzi hapo ilipobanwa, kuuvuta mpaka uzi ulie, na kufunga. Fundo dogo kama punje ya hindi. Halafu jingine kando yake, na jingine, mpaka nguo yote ikunjamane na kuwa nzito na kuvimba vipele. Kila fundo, likifunguliwa baada ya rangi, huacha kijiduara cheupe chenye nukta katikati, kama madoa ya mtoto wa paa. Mafundo elfu, madoa elfu. Hakuna njia ya mkato. Maman Kahambu, ambaye alikuwa amesuka nywele za nusu ya wasichana wa Butembo wa enzi zake, alishika uzi na vidole vyake vikakumbuka jamaa zao wa zamani.

Siku moja, wakiwa wameinama kazini, Océane aliwaeleza kwamba kule Japani, katika mji unaosifika kwa kazi hii, kazi iligawanywa kwa mikono mingi: huyu anafunga, yule anachovya, mwingine kabisa anafungua. Anayefunga, alisema, hafungui. Alisema hivyo kwa sababu ilisikika vizuri na ingependeza katika ripoti ya ruzuku. Lakini Maman Kahambu alilelewa na masista, na neno likisemwa na mwalimu kwa sauti ya upole analipokea kama amri ya kumi na moja.

Na hasa kwa kuwa ilifanya kazi. Siku ya mwisho walibadilishana vifurushi. Kifurushi chake kilimwangukia yule Mreno. Mzee yule alifungua fundo moja moja, ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa chekechea, na doa jeupe la kwanza lilipochomoza akasema maneno fulani ya Kireno na kujipangusa macho kwa mkono wenye nili. Akabaki na shavu la buluu. Hakuna aliyemwambia. Maman Kahambu alikula picha ile miezi mingi.

Mafunzo yakaisha. Inasemekana upweke ulikuwa mada ya mwaka ule. Mwaka uliofuata ruzuku ilikwenda kwa baiskeli.

Basi akafanya peke yake. Alinunua pamba nyeupe soko la Jumapili la Gare du Midi, mita za kutosha kitambaa cha meza ya harusi, ingawa hakuwa na harusi, na meza yake ilikuwa ya watu wawili wembamba. Akafunga kipupwe chote. Akitoka kazini anakaa dirishani, mwanga mdogo wa Brussels umemwangukia mapajani, anabana, anazungusha, anavuta. Macho yakawa mekundu. Rangi aliikoroga kwenye ndoo kubwa ndani ya beseni la kuogea, naye akawa anaoga kwa karai, kama kwao. Nili ni rangi yenye maringo: inataka vuguvugu, inataka kulishwa sukari, inataka kukorogwa pole pole bila kuamshwa. Kila asubuhi aliisalimia. Alipoitoa nguo, ilitoka kijani kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mbele ya macho yake, hewa ilipoigusa, ikaanza kugeuka buluu, kutoka ukingoni kuelekea ndani. Aligeuka kumwonyesha mtu. Alionyesha taulo.

Ilipokauka ilisinyaa na kuwa ngumu, kitu cheusi chenye vipele, mfano wa mbuzi aliyekaushwa bila kuarifiwa. Aliitundika dirishani na ikakaa pale. Mkasi ulikuwa kwenye droo. Kuna siku alifungua droo, akautazama, akafunga droo. Si amri ya Océane tu iliyomzuia. Angeifungua mwenyewe, angeyaona yale madoa mwenyewe, na ingekuwa ni kitu kimoja zaidi alichokiona peke yake. Vitu vya namna hiyo alikuwa navyo vingi. Hiki alitaka kionwe na watu, mikono ya watu iguse, mtu aseme chochote, hata kwa Kireno.

Akaandika kwenye kundi la wamama. Kwamba Jumamosi waje kwake, watafungua nguo, kutakuwa na sombe na samaki. Vikaja vidole gumba, vikaja mioyo, ikaja mikono ya kusali. Mmoja akauliza kama ni biashara, na kama kuna rangi ya machungwa. Jumamosi Maman Kahambu alipika tangu asubuhi. Aliyebisha hodi alikuwa mmoja tu, Theophil, Mtanzania wa ghorofa ya pili, ambaye mkewe alifanya kazi ubalozini na yeye alifanya kazi ya kuwa mume wake. Alikuja kuuliza, kwa adabu zote, kama yale matone ya buluu kwenye dari yake yalikuwa ya mama. Yalikuwa ya mama. Akaomba radhi kwa kuuliza. Maman Kahambu akamkaribisha, akamwonyesha kile kitu dirishani, akamwomba amfungulie japo mafundo machache. Theophil alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. Akasema yeye si mtu wa mikono, ataharibu mali ya watu, akaaga kinyumenyume mpaka ngazini. Sombe ililiwa siku nne.

Ndipo akampigia simu Maman Nathalie, mwenyekiti wa Mutualité, mwanamke mkubwa wa sauti na wa mwili, mlezi wa wazee katika nyumba moja ya Etterbeek. Hakutaka kulalamika. Aliuliza tu kulikoni. Nathalie alikuwa njiani, mifuko mikononi, akashika uongo wa kwanza uliokuwa karibu.

"Ah, maman, si kwa ubaya. Lakini kule kwako, bon, batu bataikala wapi? Uko na viti deux tu."

Mwingine angesikia udhuru. Maman Kahambu aligeuka na kutazama. Viti vilikuwa viwili kweli. Moyo ukamtulia: kumbe tatizo lote hilo ni viti.

Sasa, kwa wasiowajua Wakivu, Wakongomani wa upande wa Butembo, walioko Brussels, ni lazima ijulikane kwamba viti vyeupe vya plastiki vya parokia havitoki stoo kwa jambo jingine ila moja. Harusi hufanywa kwenye ukumbi wa kukodi, wenye viti vyake vilivyovalishwa magauni. Sikukuu za kuzaliwa watu husimama na sahani mkononi. Mikutano hufanywa kwenye simu. Viti vya parokia ni vya kilio. Anayekuja kuviomba haulizwi amefiwa na nani, kwa kuwa kumuuliza ni kumsukumia kisu ndani zaidi. Anapewa viti, na habari husambaa yenyewe.

Mtunza stoo alikuwa Papa Banza, mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye kofia asiyoivua hata mvua ikinyesha kwenda juu. Maman Kahambu alipomwambia ana haja ya viti, Papa Banza akaivua.

"Ngapi, maman?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui, papa. Sijui kama batu batakuya."

Papa Banza akaitazama mikono yake iliyokuwa nyeusi kwa nili mpaka kwenye viganja. Akayatazama macho mekundu. Akalitazama gauni jeusi ambalo Maman Kahambu alilivaa siku hizi kwa kuwa halionyeshi madoa.

"Batakuya," akasema. "Batakuya bengi. Usiogope."

Maman Kahambu alirudi nyumbani akisema moyoni kwamba hatimaye amepata mtu anayeelewa mambo ya nguo. Na viti vikaja, kwa gari la parokia, vikapandishwa ghorofa tatu na Papa Banza na vijana wa kwaya, ambao hawakusema neno na walikataa hata maji. Maman Kahambu alipotaja Jumamosi, Papa Banza alimshika mkono muda mrefu kuliko desturi, akashuka, na kufika chini akaanza kupiga simu.

Maman Kahambu alikusudia kuandika mwaliko Ijumaa. Alipofungua kundi akakuta kimya. Hakuna zaburi. Hakuna waridi. Hakuna hata vitunguu saumu. Kundi lililokuwa likitetemeka usiku na mchana lilikuwa limelala kama kijiji kilichohamwa. Akadhani wamemchoka. Hakujua kwamba wenzake wamefungua kundi jipya, lenye picha ya mshumaa, bila yeye ndani yake, wanapanga nani alete maharage na nani alete sufuria. Aliuweka ujumbe wake bila kuutuma. Akaketi katikati ya viti vile vyeupe, kila kimoja kimemgeukia, na jioni ile ndiyo jioni ambayo Maman Kahambu alipata kuwa mpweke kuliko zote, maana ni shida zaidi kukaa peke yako kati ya viti ishirini kuliko kati ya viwili.

Jumamosi, adhuhuri, mlango ukagongwa kwa mkono.

Wa kwanza alikuwa Maman Nathalie, katika vitenge vya giza, akamkumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu. Nyuma yake kulikuwa na mwingine, na mwingine, ngazi nzima imejaa mpaka chini. Waliingia wakiongea kwa kunong'ona. Kila mmoja alimkumbatia, kila mmoja alimwambia awe na nguvu, na Maman Kahambu, akiwa ameduwaa kwa furaha, aliwajibu kwamba nguvu anazo, waingie, waikale, viti biko. Wanaume walijipanga ukutani, mikono mapajani, macho kwenye zulia. Wanawake waliliteka jiko bila kuuliza. Sufuria ambazo hakuzijua zilikuwa tayari motoni na mtu alikuwa anachambua mchele. Chumba kikapata joto la miili. Kioo cha dirisha kikafunga ukungu. Maman Kahambu alisimama katikati na kuwaza kwamba kama ni viti tu, angeviomba miaka kumi iliyopita.

Kisha Nathalie akaenda chumbani, akalivuta godoro kutoka kitandani, akalileta sebuleni, akalilaza sakafuni, akamshika mabega Maman Kahambu na kumketisha juu yake.

Godoro chini ni la mfiwa. Hapo akaelewa. Alielewa yote kwa mpigo mmoja, viti, kofia ya Papa Banza, kundi lililonyamaza.

Angeweza kusema palepale. Mdomo aliufungua. Lakini upande wake wa kulia Maman Nathalie alikuwa ameketi, bega kwa bega, mzito na wa vuguvugu, na upande wa kushoto kulikuwa na mama mwingine anayemsugua mgongo pole pole kwa kiganja. Ni lini mtu alimsugua mgongo? Akajiambia atasema baada ya chai. Chai ikaja, yenye tangawizi, akapewa kikombe kama mgonjwa. Akajiambia atasema maharage yakiiva. Wakati huo huo akili yake, kwa ukorofi wake yenyewe, ikaanza kutafuta nani angefaa. Alikuwepo mjomba mmoja kule Beni, mzee wa zamani, ambaye hata hivyo... Alijikamata akimuua mjomba wake kwa ajili ya kampani, akaona haya, akainama, na wote wakazidi kumpapasa.

Papa Banza alisimama kwa ajili ya sala. Lakini sala ya kilio inataka jina. Alimnong'oneza Nathalie, Nathalie akanyanyua mabega na kumwelekezea jicho mama wa jikoni, mama wa jikoni akadhani Papa Banza ndiye anayejua, kwa kuwa ndiye aliyewapigia simu. Kila mmoja alikuja akiamini mwenzake anajua. Papa Banza hakuwa mtu wa kushindwa na kitu kidogo kama hicho. Alifumba macho, akamwombea ndugu yetu, au dada yetu, mukubwa ao mudogo, ambaye Wewe Bwana unamujua jina lake na hata wingi wa nywele zake. Amina zikavuma.

Theophil aliingia katikati ya amina. Alikuwa amesikia pole zikinong'onwa ngazini, akavaa shati jeupe, akapanda. Akatoa pole kwa wote, akaketi kwenye kiti cha mwisho kilichobaki, na kama inavyofanywa kwao, akauliza kwa upole wa dhati, "Marehemu ni nani, mama?"

Chumba kizima kikageuka kumsikiliza Maman Kahambu. Kilikuwa kinataka sana kujua.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna vipi?" akauliza Nathalie.

"Hakuna muntu alikufa. Niliomba viti juu batu bakuye kunifungulia nguo. Mwenye alifunga hafungui." Akaonyesha dirishani. "Ile."

Walikitazama kile kitu cheusi chenye vipele. Jikoni mtu akazima bomba la maji.

"Maman Kahambu," alisema Nathalie, na sauti yake ilikuwa imeshuka mahali pabaya. "Niliomba ruhusa kazini. Nimelia mu metro. Mbele ya bazungu, nimelia mpaka muzungu moja akanipa kitambaa."

"Ni wewe ulisema viti haiko."

"Ile nilisema tu!"

"Mimi nilisikia." Maman Kahambu alizungumza akitazama mikono yake. "Alors, mara ya kwanza niliita na sombe na samaki. Mulituma vidole. Kama ningesema tena ni nguo, mungekuya?"

Maharage yalichemka. Mtu mmoja ukutani alitoa simu akaisoma kwa makini, ingawa ilikuwa imezimwa. Wanaume wawili walisimama, wakakohoa, wakasema kuna mahali wanasubiriwa, na mama mmoja akawafuata akisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuchezea kifo ni kukiita. Wengine walibaki. Isidhaniwe ni kwa upendo. Nje mvua ilikuwa inanyesha kwa ubavu na maharage yalikuwa bado magumu.

Nathalie, uso bado umefura, akafungua mkoba wake, akachimba, akatoa kitana chake chenye mkia mwembamba, kile cha kufumulia rasta.

"Lete hiyo kintu," alisema.

Maman Kahambu alitaka kuinuka. Akaambiwa aikale, si ni yeye anayesema eti aliyefunga hafungui? Basi akabaki juu ya godoro la kilio, mzima wa afya, akitazama. Waliitandaza nguo juu ya mapaja, mama kwa mama, mpaka ikazunguka chumba. Vikatoka vitana vingine, sindano, pini za nywele. Papa Banza alipewa kazi ya kukusanya nyuzi na kofia yake ikawa kapu. Theophil alisema tena kwamba si mtu wa mikono, akatupiwa ncha ya nguo, na baada ya muda ilionekana kwamba mikono anayo, tena miepesi, ila hakuna aliyekuwa ameihitaji tangu ashuke ndegeni. Na kama ilivyo wanawake wakifumuana nywele, midomo ikalegea. Walimsema yule mchungaji wa kwenye video. Walimsema mke wa mchungaji. Nathalie alikuwa akilalamika kwamba mafundo haya yamefungwa na mtu mwenye hasira, huyu maman alikuwa anafunga nguo ao anafunga pepo, na wakacheka, hata yeye.

Uzi ulipokatika ulitoa sauti ndogo, tap. Doa likachomoza, jeupe, na nukta yake ya buluu. Tap. Tap. Walipofika katikati ilionekana kuna sehemu kubwa kama trei ambapo rangi haikuingia kabisa, maana mikunjo ilikuwa minene mno, na kwenye pembe moja uzi ulilegea na buluu ikavuja, madoa yakawa kama yamelia.

"Hapa ulikosea," alisema Nathalie, kidole juu ya kosa.

"Najua," alijibu Maman Kahambu, na akaona aibu kwa jinsi alivyofurahi. Hakuna aliyekuwa amemkosoa kazi tangu Butembo.

Waliinyanyua juu, watu sita wakaishika, ikajaa chumba kutoka ukuta hadi ukuta, buluu ya usiku wenye madoa maelfu. Mama aliyemsugua mgongo alisema tu, "Eh, Mungu." Halafu simu zikatoka, wakapigana picha mbele yake, mmoja baada ya mwingine, na walipochoka wakaikunja juu ya kiti, wakala maharage.

Jioni mvua ilipokatika wakaanza kutafuta makoti. Basi la mwisho halikuwa karibu, lakini walitazama saa kana kwamba liko mlangoni. Vijana walikuwa wamekwisha kuanza kupanga viti kimoja juu ya kingine. Ndipo Papa Banza, ambaye tangu Jumatano alikuwa ameandaa hotuba ya mazishi na haikupata maiti, akaona haiwezekani ipotee bure. Akainua mkono.

"Bandugu na badada," alisema. "Tulikuja kulilia mufu, tumekuta muzima. Bwana ametufundisha. Hii mafundo ni sisi. Tumefungwa na kazi, tumefungwa na baridi, tumefungwa na simu. Upweke ni ugonjwa wa hii inchi, na leo, kwa mikono yetu, tumeushinda. Kuanzia sasa, mbele ya Mungu, Maman Kahambu hatabaki tena peke yake. Kila juma tutakuya hapa kwake. Kila juma. Amina?"

"Amina," walisema wote, mkono mmoja umekwisha kuingia kwenye koti na mwingine unatafuta tundu. Nathalie alijifuta macho. Hakuwa mgumu wa machozi. Theophil alipiga makofi peke yake, kisha akaacha.

"Maman," alisema Papa Banza, kofia mkononi, imejaa nyuzi. "Tupe neno."

Maman Kahambu alikuwa bado ameketi kwenye godoro. Akawatazama mmoja mmoja, makoti, mitandio, sufuria zilizokwisha kurudi mifukoni.

"Nguo imeisha kufunguka, papa," alisema. "Juma ijayo mutakuya kufungua nini?"